Ugoko unauma ukikimbia: kagua haya kabla ya kununua raba nyingine

Swali ni lilelile, awe anauliza kijana wa mchakamchaka, mama anayekimbia Jumamosi na kikundi chake cha jogingi, au mtu anayejiandaa kwenda Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon: "Nikifika kilomita ya pili mfupa wa mbele wa mguu unaanza kuniuma. Ninunue raba gani?"

Mfupa huo ni ugoko, unaoanzia chini ya goti na kuishia kwenye kifundo cha mguu. Wengine huuita muundi. Raba inaweza kuwa ndiyo chanzo, inaweza kuwa imechangia tu, na mara nyingine haihusiki kabisa. Kinachoamua ni mambo matatu: panauma wapi hasa, panaanza kuuma wakati gani, na nini kilibadilika wiki tatu au nne kabla ya maumivu. Tafuta hapa chini dalili inayofanana na yako, fanya kwanza ukaguzi usiogharimu kitu, pesa itoke mwisho.

Anza kwa kidole gumba

Kaa kwenye kiti, pandisha mguu unaouma juu ya goti la pili. Bonyeza ukingo wa ndani wa ugoko kwa kidole gumba, kuanzia juu ya kifundo ukipanda sentimita moja baada ya nyingine. Kisha rudia mbele ya mfupa, halafu kwenye msuli ulio upande wa nje. Andika panapouma.

Eneo linalouma likitandaa sentimita tano au zaidi kwenye ukingo wa ndani, soma dalili ya kwanza. Kinachouma kikiwa msuli wa mbele na si mfupa, nenda ya pili. Ukikuta nukta moja, unaweza kuifunika kwa ncha ya kidole, na ukiigusa unaruka, acha kukimbia leo hii na usome sehemu ya ufa wa mfupa.

Usiende dukani, nenda hospitali, ukiona mojawapo ya haya:

- Kigimbi kimoja kimevimba, kina joto na kinauma hata ukiwa umekaa. Huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa. Ikiongezeka kubanwa kifua au kukosa pumzi, ni dharura ya dakika hiyohiyo.
- Mguu umegongwa au umeumia, sasa umekaza kama jiwe, maumivu ni makubwa kuliko jeraha lenyewe na vidole vinaingia ganzi. Misuli inakosa damu, na saa chache tu ndizo zinazoamua kama mguu utapona.
- Unyayo unaburuzika, huwezi kuunyanyua.
- Mfupa unauma pamoja na homa, au ngozi juu yake imevimba na kupata joto.

Dalili ya 1: Maumivu yametandaa upande wa ndani wa ugoko, nusu ya chini

Hii ndiyo inayowapata wengi. Panauma mwanzoni mwa mazoezi, panatulia mwili ukipata joto, halafu panarudi jioni au kesho yake asubuhi unapoteremka kitandani. Mara nyingi ni miguu yote miwili. Kinacholalamika ni mfupa na utando unaoufunika: vimepewa kazi haraka kuliko vinavyoweza kujijenga.

*Chanzo kinachoongoza: mazoezi yameruka ngazi.* Mfupa hujikarabati kwa kuondoa kwanza sehemu iliyochoka, ndipo unapoweka mpya. Katikati ya kazi hizo mbili kuna wiki kadhaa ambazo unakuwa dhaifu kuliko ulivyoanza. Ndiyo maana maumivu huja wiki ya tatu au ya nne, na mtu hulaumu kiatu alichonunua juzi badala ya programu aliyoianza mwezi uliopita. Wahitimu wa kidato cha sita wanaoripoti JKT (Jeshi la Kujenga Taifa la Tanzania) wanalijua hili: miezi wamekaa madarasani wakisomea mtihani, kisha ghafla ni mchakamchaka kila alfajiri. Hali ni hiyohiyo kwa anayengoja hadi Januari kuanza mazoezi ya mbio za Moshi, ambazo hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi.

Ukaguzi: andika kilomita ulizokimbia katika kila wiki kati ya sita zilizopita. Kama kuna wiki iliyozidi ile ya kabla yake kwa robo au zaidi, au uliongeza vilima, au ulihama kutoka barabara ya vumbi kwenda lami, umempata mshukiwa. Raba mpya haitafuta kosa hilo.

Marekebisho: kama panauma ukikimbia tu, punguza kilomita hadi nusu na uache vilima na mbio za kasi. Kama panauma hata ukitembea, simama kabisa. Endesha baiskeli au ogelea ili pumzi isipotee. Siku mbili za kwanza barafu iliyofungwa kitambaa kwa dakika 10 hadi 15 hupunguza maumivu, ingawa haiponyi chanzo. Ukishatembea nusu saa bila maumivu kwa siku tano mfululizo, anza upya kwa kukimbia dakika moja na kutembea dakika mbili, mara kumi, siku moja ndiyo siku moja hapana. Ongezeko la wiki lisizidi sehemu moja ya kumi, na kila wiki ya nne ishushwe.

*Chanzo cha pili: sponji ya soli imekufa.* Hapa ndipo kiatu kinapoingia, na hapa ndipo macho yanapodanganya. Soli ya raba ina tabaka mbili: mpira mgumu unaogusa ardhi, na juu yake sponji inayopokea kishindo. Mpira hudumu, sponji huchoka kwanza. Kwa kawaida sponji hutumika vizuri kati ya kilomita 500 na 800. Mtu mwenye uzito mkubwa, au anayekimbia lami tupu, hufika kikomo mapema. Kwa hiyo kiatu kinaweza kuwa na meno yote chini, kimefuliwa kikang'aa, na ndani yake kisiwe na kazi tena.

Ichukue raba yako uitazame ubavuni, kwenye mwanga. Sponji nzima huwa laini, labda na alama ndogo za kukunjwa. Iliyokufa ina mistari mingi ya mlalo kama makunyanzi, na ukiinyoosha raba mistari haifunguki. Toa soli ya ndani, weka vidole gumba viwili chini ya mahali pa kisigino, bonyeza kwa nguvu. Inapaswa kubonyea na kurudi. Ikiwa ngumu kama ubao, au ikibonyea na kubaki hivyo, imekwisha. Mwisho iweke mezani na uitazame kutoka nyuma kwa usawa wa macho: ikiwa shingo ya kisigino imelalia ndani au nje, sponji ya upande huo imebonyea zaidi, na kila hatua inaulaza mguu wako huko.

Ukiweza, kuwa na jozi mbili za aina tofauti uzipokezane. Uchunguzi uliofanywa Luxembourg kwa wakimbiaji 264 kwa wiki 22 uliona kwamba waliotumia zaidi ya jozi moja kwa zamu waliumia kidogo kuliko waliotumia jozi moja tu. Mguu ukipata kiatu tofauti, mzigo nao hauangukii mahali palepale kila siku.

*Chanzo cha tatu: hatua ndefu mno.* Ukitupa mguu mbele sana, kisigino hutua mbali na mwili na kishindo chote hupanda kwenye ugoko. Hesabu hatua zako, kulia na kushoto pamoja, kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa mbili. Ongeza idadi hiyo kwa asilimia 5 hadi 10 bila kuongeza kasi. Aliye na hatua 156 kwa dakika ajaribu 164 hadi 171. Hatua zitakuwa fupi zenyewe. Mwanzoni utajisikia kama unachezacheza tu, na vigimbi vitachoka. Fanya hivyo dakika tano tano ndani ya mazoezi ya kawaida kwa wiki mbili kabla ya kukimbia hivyo njia nzima.

*Chanzo cha nne: unyayo unalala kwa ndani kuliko mguu unavyoweza kumudu.* Wauzaji wengi wataangalia upinde wa unyayo wako kisha wakuambie kiatu. Kipimo maarufu ni cha kulowesha unyayo na kukanyaga sakafu kavu: alama nzima huitwa unyayo bapa, alama yenye kiuno chembamba huitwa upinde mrefu. Kipimo hakina ubaya, lakini usikitegemee kuchagua kiatu. Jeshi la Marekani lilijaribu jambo hili kwa maelfu ya kuruta: kundi moja likapewa viatu kulingana na umbo la unyayo, jingine likapewa aina moja tu ya kiatu bila kujali unyayo. Walioumia hawakupishana kwa kiasi cha maana. Watu wengi wenye unyayo bapa hukimbia miaka na miaka bila shida.

Kinachofaa zaidi ni hiki: kama una unyayo bapa *na* ugoko unauma *na* raba zako huinamia ndani kila mara, jaribu kiatu chenye sponji ngumu zaidi upande wa ndani (huwa ina rangi tofauti, mara nyingi kijivu), au soli ya ndani yenye upinde laini. Ikikubana upindeni dakika kumi za kwanza, si yako. Soli za kuchongwa maalumu ni gharama kubwa. Ziache hadi fundi viungo au mtaalamu wa mazoezi ya viungo akuone ukikimbia.

*Chanzo cha tano: vigimbi dhaifu.* Simama kwa mguu mmoja, shika ukuta, nyanyuka kwa vidole ushuke taratibu. Usipofika mara 20 bila kuyumba, fanya seti tatu za 12 kwa kila mguu, siku tatu kwa wiki: seti moja goti likiwa limenyooka, mbili likiwa limekunjwa kidogo. Goti lililokunjwa huufanyisha kazi msuli wa ndani wa kigimbi, ambao ndio unaosaidia ugoko.

Kuhusu diklofenaki: usimeze ili uweze kukimbia. Dawa hunyamazisha kengele, kazi ya kuuvunja mfupa inaendelea, na kwenye joto ukiwa umepungukiwa maji inaziumiza figo.

Dalili ya 2: Msuli wa mbele, upande wa nje wa ugoko, unawaka

Huu ni msuli unaonyanyua unyayo. Huuma zaidi kwenye mteremko, kwa wanaoanza kukimbia, na kwa wanaotembea kwa mwendo wa haraka. Dalili yake nyingine unaisikia kwa sikio: unyayo unatua kwa "pa!" badala ya kulala polepole, kwa sababu msuli umechoka kuuzuia.

Sababu ya kawaida ni hatua ndefu zenye kutua kisigino. Tiba yake imeshaelezwa. Inayofuata ni kiatu kizito au kisichokunjika. Buti, raba za mtaani zenye soli nene ya mpira, na nakala nyingi za feki zina uzito na ugumu unaoulazimisha msuli huu kufanya kazi mara mbili. Shika kiatu kisigino na ncha, kikunje. Kinatakiwa kikunjike mahali vidole vinapoanzia, si katikati ya upinde, na kisihitaji nguvu za mikono miwili.

Ya tatu husahaulika: kamba. Ukizibana sana juu ya kifundo, zinakandamiza kano za msuli huohuo. Legeza, kimbia dakika kumi, uone. Tatizo ni kwamba wengi hubana kwa sababu kisigino kinatoka, na njia sahihi ya kukizuia ni nyingine. Raba nyingi za kukimbia zina kitundu cha ziada juu kabisa, kilichokaa nyuma kidogo ya mstari wa wenzake. Funga kamba kawaida hadi kitundu cha kabla ya hicho. Kisha kila ncha iingize kwenye kitundu cha juu cha upande wake uleule, kutoka nje kwenda ndani, ukiacha kitanzi kidogo. Ncha ya kulia ipite kwenye kitanzi cha kushoto, ya kushoto kwenye kitanzi cha kulia. Vuta zote kuelekea chini hadi vitanzi vikaze, ndipo ufunge fundo. Kisigino kinakaa, na mgongo wa mguu unabaki huru.

Dalili ya 3: Mguu mmoja tu

Barabara ya lami ina mgongo katikati na huinamia pembeni ili maji yatiririke. Kwetu magari hupita kushoto, na anayekimbia akiyatazama yanayokuja hubaki pembezoni upande wa kulia kila siku. Mguu wa kulia unakanyaga chini, wa kushoto juu, na unyayo wa kushoto unalazimika kulala kwa ndani. Mchanga wa ufukweni nao umeinama kuelekea majini. Usigeuke ukakimbia ukiyapa magari mgongo. Tafuta mahali tambarare, hata kama ni kuzunguka uwanja wa mpira, na hapo ubadilishe upande wa kuzunguka nusu ya muda.

Kama si barabara, tazama raba zenyewe moja moja. Hili huwapata sana wanaovaa mtumba: kiatu kimoja kimelika kisigino kuliko kingine, kwa kuwa mwenye nacho wa kwanza alikuwa na mwendo wake. Sasa unautembelea mwendo wa mtu mwingine. Hakuna soli ya ndani itakayokirekebisha. Hicho kiwe cha kwendea sokoni.

Bila mojawapo ya hayo, maumivu ya mguu mmoja yanayozidi wiki mbili yachukuliwe kama ufa hadi daktari aseme vinginevyo.

Dalili ya 4: Maumivu yalianza baada ya kubadili kiatu

Pima kwanza saizi, maana kiatu kifupi hufanya vidole vijikunje kushika, na msuli wa ugoko hukaza kila hatua. Miguu huvimba kadiri siku inavyosonga, kwa hiyo pima na nunua jioni, ukiwa na soksi utakazokimbilia. Simama kisigino kikigusa ukuta juu ya karatasi, weka alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote (si lazima kiwe kidole gumba), pima miguu yote miwili na ufuate mrefu. Kwenye lebo ya ulimi, pamoja na namba za Ulaya na Uingereza, huwa kuna namba ya sentimita. Anza na inayozidi mguu wako kwa nusu sentimita hadi moja, kisha vaa usimame: mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Usitegemee kwamba wewe ni "42". 42 ya kampuni moja ni 41 ya nyingine.

Saizi ikiwa sawa, linganisha urefu wa kisigino. Tofauti ya kimo cha sponji kati ya kisigino na mbele huwa milimita 8 hadi 12 kwenye raba nyingi za kawaida, 4 hadi 6 kwenye nyingine, na sifuri kwenye chache. Ukitoka 10 kwenda sifuri kwa siku moja, kigimbi na kano ya kisigino vinapokea mzigo visiouzoea, na mfupa vinaposhikilia huvutwa navyo. Rudi kwenye kiatu cha zamani kama bado ni kizima, na kipya kivae dakika 10 za mwanzo tu, ukiongeza dakika tano kila wiki.

Raba za mashindano zenye bamba la kaboni ndani ya soli ni za siku ya mbio na mazoezi machache ya kasi. Anayekimbia kilomita 20 kwa wiki hana haja nazo. Na nakala zake za bei rahisi mara nyingi zina umbo tu la soli nene, sponji ndani ni ngumu.

Ukijiuliza kama kiatu ni chako, kipimo kizuri kuliko maneno ya muuzaji ni starehe. Kimbia nacho hatua mia mbele ya duka. Mahali panapokugusa vibaya sasa patakuumiza kilomita ya tano; kiatu cha kukimbia hakihitaji kuzoeleka.

Ukiwa mezani kwa muuza mitumba

Gikomba ya Nairobi, Mchikichini ya Dar es Salaam au Memorial ya Moshi, unaweza kupata raba njema ya kukimbia kwa bei ya sehemu ndogo ya mpya. Lakini muuzaji amekwisha isugua, ameipaka wino palipochubuka na kuipiga rangi nyeupe ubavuni. Usafi hauonyeshi afya. Kagua kwa mpangilio huu:

1. Pindua zote mbili pamoja. Kulika kidogo upande wa nje wa kisigino ni kawaida. Kulika tofauti kati ya kulia na kushoto, acha.
2. Zitazame nyuma kwa usawa wa macho. Zilizoinama, acha.
3. Bonyeza sponji kwa ukucha. Ikimeguka au ikitoa unga, usijadili bei. Baadhi ya soli hujioza zenyewe kwa joto na unyevu hata zikiwa hazijavaliwa, na hewa ya Pwani huharakisha jambo hilo.
4. Kunja, kisha ikamue kama nguo. Ikijikunja katikati au ikizunguka bila kizuizi chochote, haishiki mguu.
5. Bana kisigino kwa vidole viwili. Kisibonyee chote.
6. Toa soli ya ndani. Ukiona shimo la kisigino cha mtu limechimbika, nunua soli nyingine ya ndani, lakini kumbuka kwamba shimo hilo linaonyesha pia kilicho chini yake.
7. Tafuta tarehe kwenye lebo ya ulimi. Baadhi ya makampuni huichapa, mwezi na mwaka. Iliyopita miaka mitano au sita waachie wengine waichukue kwa matembezi tu.

Ukishaifua, usiianike juu ya bati. Jua kali hukaza sponji na kulegeza gundi. Toa soli ya ndani, jaza magazeti, yabadilishe mara moja, iache kivulini.

Dalili ya 5: Msuli unakaza kama unajaa, kila mara dakika ileile

Mtu anakimbia vizuri, dakika ya 12 au ya 15 mguu unaanza kukaza kama umefungwa kamba, pengine ganzi inaingia juu ya unyayo, akisimama kidogo unaachia. Kesho ni vilevile, karibu dakika ileile. Hapo misuli inavimba ndani ya ala yake isiyotanuka, na msukumo unapanda. Kubadilisha raba hakusaidii sana. Kufupisha hatua na kupunguza kutua kisigino huwasaidia baadhi. Hali ikiendelea, muone daktari wa mifupa, kwa kuwa kuna kipimo cha msukumo na kuna upasuaji. Ukikaza usiachie hata baada ya kupumzika, hiyo ni dharura, usilale nayo.

Nukta moja inayouma: ufa wa mfupa

Maumivu haya hayapoi mwili ukipata joto, yanazidi kadiri unavyokwenda. Baadaye yanauma ukitembea, kisha usiku ukiwa umelala. Usijipime kwa kurukaruka kwa mguu mmoja kama wanavyoshauriana watu. Unaweza kuumalizia mfupa.

Acha kukimbia na uende hospitali. Jua kwamba picha ya eksirei ya wiki mbili tatu za kwanza inaweza kuonyesha mfupa mzima wakati ufa upo, hivyo picha safi haikupi ruhusa ya kurudi barabarani. Ama irudiwe baada ya wiki hizo, ama daktari aagize MRI (picha inayopigwa kwa sumaku). Ufa wa ukingo wa ndani wa ugoko huhitaji kwa kawaida wiki sita hadi nane bila kukimbia. Ule wa katikati mbele ya mfupa ni hatari zaidi, huchelewa kupona na wakati mwingine hufungwa kwa chuma.

Kwa wanawake na wasichana: kama hedhi imekatika miezi mitatu au zaidi tangu mazoezi yaongezeke, mwambie daktari bila kungoja aulize. Mwili unaokula kidogo kuliko unavyotumia huacha kujenga mifupa, na hakuna sponji inayoziba pengo hilo. Wanaume wanaokimbia sana na kula kidogo nao wamo.

Mtoto anayelalamika ugoko

Usianze na viatu. Mtoto mwenye maumivu ya mfupa na homa apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Maambukizi ya mfupa hayasubiri. Maumivu ya mifupa yanayorudi rudi, mtoto akiwa mweupe machoni au macho yakiwa ya manjano, yafuatwe na kipimo cha selimundu (sikoseli), ugonjwa wa damu wa kurithi ulioenea hasa Kanda ya Ziwa na magharibi ya Kenya. Mtoto mwenye selimundu anaweza kucheza, lakini kwa mpango wa daktari, akinywa maji na kupumzika kabla hajachoka. Kumsukuma amalize mchakamchaka kwa sababu "anajifanya" kunaweza kumlaza wodini.

Kuhesabu umri wa raba

Siku unayoanza kukimbia na jozi mpya, andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito chini ya soli ya ndani. Anayekimbia kilomita 25 kwa wiki hufikisha 600 baada ya wiki 24, yaani miezi mitano na nusu. Kwa mtumba anza kuhesabu kutoka 300, kwa kuwa hujui ilikotoka. Ikifika 500, fanya tena ukaguzi wa makunyanzi na wa vidole gumba kila mwezi, na jozi inayofuata inunuliwe kabla ya hii kufa, ili wiki mbili za mwisho uzivae kwa zamu.